Nyongo iliyovimba: tunabishana kuhusu kovu, siku zinakwenda

Aliyewahi kuchinja kuku anaijua nyongo. Ukishapasua tumbo na kuvuta maini, unaikuta imejibana ubavuni mwa ini, kijani iliyokolea, imejaa kama kiputo cha maji. Nyumbani kwetu hapo ndipo mtoto aliponyang'anywa kisu. Mama mdogo alikuwa haibandui. Alikata kipande cha ini pamoja nayo, akakitupa chote jalalani, akasema heri apoteze ini kuliko nyongo ipasuke. Tone moja likimwagika, kitoweo chote kinakuwa chungu.

Miaka mingi baadaye mama mdogo huyo huyo alilazwa kwa sababu ya nyongo yake mwenyewe, na ukoo ukagawanyika kambi mbili. Vijana walitaka apasuliwe "kwa matundu", ile njia ya kamera. Wazee walisema afunguliwe tumbo vizuri ili madaktari waone ndani. Simu zilipigwa kutoka Tanga hadi Muscat. Kila mtu alikuwa na rafiki aliyefanyiwa hivi au vile, na kila mtu alikuwa na picha ya kovu la mtu fulani kwenye simu yake.

Nimeusikia ubishi huo mara nyingi tangu siku hiyo, hata kwa watu wa afya. Nasema mapema nilipo mimi: penye vifaa na mikono iliyozoea, matundu ni bora, na hilo halina tena mjadala mkubwa. Kinachonikera ni kwamba swali la njia limelimeza swali la siku. Tunauliza mgonjwa apasuliwe vipi. Hatuulizi lini.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Mfuko wa nyongo ni mdogo, una urefu wa sentimita 7 hadi 10, na kazi yake ni kutunza nyongo inayotengenezwa na ini hadi mlo wa mafuta utakapoihitaji. Mawe yanaweza kukaa humo miaka bila kelele. Tabu huanza jiwe linapoziba shingo ya mfuko. Maumivu huja chini ya mbavu za kulia, mara nyingi usiku baada ya pilau au chipsi, yakapanda mgongoni au bega la kulia. Jiwe likirudi ndani, maumivu hukata, na mtu hupewa dawa ya vidonda vya tumbo akaambiwa apunguze maharage. Jiwe lisiporudi, ukuta wa mfuko unavimba, homa inapanda, bakteria wanaalikwa. Daktari anabonyeza chini ya ubavu wa kulia na kukuambia uvute pumzi. Mfuko ukishuka na kugusa vidole vyake, pumzi inakatika katikati kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Altrasaundi humalizia maneno.

Kuanzia hapo kuna saa inayohesabu, na mfuko wenyewe ndio unaoihesabu. Siku mbili tatu za mwanzo uvimbe ni wa maji, na mfuko hutengana na ini bila ugomvi mkubwa. Wiki ikipita, unakamata kila kilicho jirani kama ukoko uliogandia chunguni, na unatoka damu ukiugusa. Wengine huoza ukuta, wengine hutoboka. Wiki kadhaa baadaye homa inaweza kuwa imeisha kabisa na mgonjwa anatembea, lakini ndani kumejaa makovu, na makovu hayamwambii daktari mrija upi ni wa mfuko na upi ni ule mkuu unaotoka kwenye ini.

Njia ya kufungua tumbo ni kongwe. Daktari Mjerumani, Carl Langenbuch, alimtoa mtu mfuko wa nyongo mjini Berlin mwaka 1882, na kwa zaidi ya miaka mia moja mpasuo chini ya mbavu ukawa ndiyo njia. Mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, daktari wa mji mdogo wa Böblingen, aliutoa kwa kifaa cha kuchungulia kupitia tundu. Alipoieleza kazi yake mbele ya wenzake mwaka uliofuata walimpuuza. Mwaka 1987 daktari Philippe Mouret alifanya ya kwake Lyon, Ufaransa, na safari hii dunia ikamfuata.

Mwaka huo huo wa 1987, mwezi Februari, msanii Andy Warhol alifariki New York, asubuhi ya siku iliyofuata upasuaji wa nyongo wa kufungua tumbo. Alikuwa na umri wa miaka 58. Ukiisikia habari hiyo juu juu utasema kisu kimemuua, laiti wangekuwa na kamera. Lakini Warhol aliogopa hospitali kupita kiasi, alikuwa ameishi na ugonjwa wa nyongo kwa miaka na kuukwepa upasuaji, na siku walipomfungua mfuko ulikuwa umeshaoza. Sidhani kama matundu manne yangeubadilisha mfuko ule.

Mwanzoni madaktari wenyewe waliweka mpaka: matundu ni ya nyongo iliyotulia, iliyovimba ifunguliwe. Sababu ilieleweka. Kwa matundu unajaza tumbo hewa ya kaboni dioksaidi ili linyanyuke kama turubai, unaingiza kamera kitovuni na vyuma virefu kupitia matundu mengine matatu, kisha unafanya kazi ukitazama runinga. Hugusi kitu kwa kidole. Mfuko uliovimba umekaza kama mpira uliojazwa upepo, chuma kinateleza. Inabidi kwanza uuchome sindano, uunyonye usaha au nyongo, ndipo ushikike. Damu kidogo tu inachafua picha nzima.

Mpaka huo ulianza kuvunjwa na utafiti wa Helsinki uliochapishwa mwaka 1998. Wagonjwa 63 wenye nyongo iliyovimba, wengine iliyooza, waligawanywa kwa kura: 32 matundu, 31 kufunguliwa. Katika kundi la kufunguliwa, 13 walipata matatizo baada ya upasuaji, 7 kati yao makubwa. Katika kundi la matundu alipata mmoja, tena dogo. Watano kati ya wale 32 ilibidi wafunguliwe katikati ya kazi. Hakuna aliyekufa upande wowote. Mashabiki wa matundu walikuwa wamepata kombe lao.

Kisha mwaka 2005 ikaja Sweden. Wagonjwa 70, kura tena, 35 kwa 35, ugonjwa ule ule. Safari hii tofauti ya matatizo haikuonekana, na maumivu hayakutofautiana. Katika kundi la matundu 8 waliishia kufunguliwa.

Msomaji wa haraka atasema basi watafiti hawajielewi. Mimi naona tafiti hizi mbili zinatufundisha zaidi zikisomwa pamoja kuliko kila moja peke yake. Tazama siku za kulala wodini. Helsinki, mgonjwa wa kawaida aliyefunguliwa tumbo alikaa siku 6, wa matundu siku 4. Sweden, wote wawili siku 2. Kwa hiyo tunaposema "kufungua tumbo" hatusemi kitu kimoja. Kuna mpasuo mrefu unaokata misuli, mgonjwa akaachwa kitandani na dripu hadi akumbukwe. Na kuna mpasuo mfupi wa mtu anayejua aendako, mgonjwa akaamshwa jioni ile ile apige hatua. Jina moja, kazi mbili.

Kuna jaribio jingine la Sheffield, Uingereza, la mwaka 1996, ambalo nalipenda kwa ujanja wake. Halikuhusu nyongo iliyovimba, lilihusu wagonjwa 200 waliopangiwa upasuaji wao kwa utulivu, nusu matundu, nusu mpasuo mdogo. Wakishamaliza, wagonjwa wote walifungwa bandeji za namna moja tumboni, asijue mgonjwa wala muuguzi wodini nani katobolewa na nani kakatwa. Matokeo: wote walilala siku tatu. Matundu yalichukua dakika 65 chumba cha upasuaji, mpasuo mdogo dakika 40. Kabla ya hapo kila mtu aliyeona plasta ndogo alimruhusu mgonjwa mapema, na aliyeona bandeji kubwa alimwambia apumzike. Sehemu ya sifa za matundu ilikuwa machoni mwa wanaotazama.

Sisemi kwamba matundu ni ushabiki tu. Tafiti zaidi zilipojumlishwa, mizani imeegemea kwao hata kwa nyongo iliyovimba: vidonda vinavyooza ni vichache, nimonia ni chache, watu wanarudi nyumbani mapema. Nimonia inaeleweka kirahisi. Mtu aliyekatwa chini ya mbavu anaogopa kuvuta pumzi na kukohoa, na mapafu yasiyokohoa hutunza uchafu. Halafu kuna ngiri ya kovu, inayotokea miezi kadhaa baadaye mtu anapobeba ndoo. Ndiyo maana nakataa kauli kwamba matundu ni ya matajiri wanaotaka kubaki warembo. Mwenye kazi ya ofisini anaweza kukaa na kovu lake kwenye kiti cha kuzunguka. Anayelihitaji tumbo zima ni mama anayeinua gunia la viazi alfajiri.

Mwaka 2013 swali la siku lilipewa takwimu. Watafiti wa Ujerumani na wenzao waliwagawa wagonjwa 618 wenye nyongo iliyovimba. Nusu walipasuliwa ndani ya saa 24 tangu kufika. Nusu walipewa antibiotiki kwanza, wakapasuliwa kati ya siku ya 7 na ya 45, yaani ule utaratibu wa "tupoze kwanza". Waliowahi, asilimia 11.8 walipata matatizo. Waliosubiri, asilimia 34.4. Jumla ya siku za kulazwa ilikuwa 5.4 kwa waliowahi na 10 kwa waliosubiri. Kati ya kisu na kamera, tofauti kubwa namna hiyo niliiona Helsinki tu, na Sweden haikurudi. Hata wale ambao familia husema hawatahimili, wazee wenye maradhi ya moyo na kisukari, Waholanzi waliwapima mwaka 2018: waliopasuliwa kwa matundu, asilimia 12 walipata matatizo makubwa, waliowekewa mrija tu wa kukamua mfuko kupitia ngozi, asilimia 65. Wapo wasiohimili kweli, na mwongozo wa Tokyo wa mwaka 2018, unaowaelekeza madaktari namna ya kutibu nyongo iliyovimba, unawapanga wagonjwa kwa ngazi tatu ili wajulikane. Ila ni wachache kuliko tunavyodhani.

Sasa nirudi kwa mama mdogo. Alifika hospitali siku ya pili ya maumivu. Altrasaundi ilionyesha mawe na ukuta uliovimba. Siku hiyo, kwa maarifa yote niliyoyaeleza hapo juu, alikuwa mgonjwa mzuri wa kupasuliwa. Lakini mtungi wa hewa ya mashine ya matundu ulikuwa umeisha, na bingwa anayeitumia alikuwa safarini. Akapewa antibiotiki siku nne, homa ikashuka, akaambiwa arudi baada ya wiki sita afanyiwe "ya kisasa". Vijana wa ukoo tulishangilia. Mimi nilikuwa miongoni mwao, nami ndiye niliyewaambia wazee wasubiri.

Hakumaliza wiki nne. Alirudi usiku, anatetemeka, macho yameanza umanjano. Walianza kwa kamera, kwa kuwa mtungi ulikuwa umeshafika. Kama dakika 40 hivi zilipita, daktari akaweka vyuma pembeni, akaomba kisu.

Asubuhi maneno yalikuwa tayari korido nzima: "wameshindwa". Shangazi mmoja alitaka wamrudishie fedha za matundu. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, alisimama akatueleza bila kujitetea. "Niliuona mrija, nikawa sina hakika ni wa mfuko au ni ule mkuu unaotoka kwenye ini. Kwenye picha ulionekana ndio wa mfuko. Nikafungua tumbo nikaugusa." Halafu akaongeza kwamba ukuta mmoja wa mfuko ulikuwa umegandana na ini kiasi kwamba ameuacha palepale, akatoa mawe na sehemu iliyobaki, akafunga shingo. Nilimkumbuka mama mdogo na kuku wake. Yeye alikata ini ili asiguse nyongo; daktari aliacha nyongo ili asiguse ini.

Mwaka 2003 timu ya San Francisco, Marekani, ilichambua majeraha 252 ya mrija mkuu wa nyongo yaliyotokea katika upasuaji wa matundu. Asilimia 97 chanzo chake kilikuwa jicho kudanganywa: daktari aliona mrija mkuu akaamini ni mrija wa mfuko, akaukata kwa utulivu wa mtu anayefanya jambo sahihi. Mkono haukuwa na kosa. Mrija huo ukikatwa, mgonjwa anaingia safari ya miaka ya upasuaji juu ya upasuaji, na enzi za matundu zilipoanza majeraha haya yaliongezeka kuliko enzi za kisu. Ndiyo maana daktari wa upasuaji Steven Strasberg alisisitiza mwaka 1995 kanuni inayofundishwa hadi leo: usikate chochote mpaka pembetatu ya shingoni iwe safi, sehemu ya chini ya mfuko iwe imebanduka kwenye ini, na uone vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko, mrija wake na mshipa wake wa damu. Ukivikosa, acha, badili njia. Unaweza kufungua tumbo, unaweza kuacha kipande, unaweza kuweka mrija wa kukamua na kumpeleka mgonjwa kwa anayejua zaidi.

Kwa hiyo yule kijana mwenye macho mekundu hakushindwa. Alifanya lile ambalo wale madaktari wa majeraha 252 hawakulifanya: alilitilia shaka jicho lake.

Hapa Afrika Mashariki tuna mtaji ambao hatuuhesabu. Ulaya na Marekani kizazi kizima cha madaktari kimekua na kamera, na wakubwa wao sasa wana wasiwasi: wakilazimika kufungua tumbo, wanafungua nyongo mbaya kuliko zote, ilhali ndiyo njia waliyoizoea kidogo kuliko zote. Kwetu ni kinyume. Daktari wa hospitali ya wilaya amefungua matumbo kwa utumbo uliojinyonga, kwa ajali za bodaboda, kwa uzazi. Mkono wake unaujua mpasuo. Anachokosa mara nyingi ni ruhusa ya kuutumia mapema, kwa kuwa mgonjwa wa nyongo ameshaandikiwa rufaa kwenda "kwenye matundu", na rufaa ina foleni yake.

Mashine hiyo nayo inataka mengi. Inataka umeme usiokatika katikati ya kazi, mtungi wa hewa, taa ambayo waya wake haujavunjika ndani kwa kukunjwa vibaya, fundi wa kuitengeneza na mtu wa nusu kaputi anayejua hewa ile inavyosukuma mapafu na moyo. Kimoja kikikosekana, mashine ni fanicha. Tununue, ndiyo, na tufundishe. Lakini mgonjwa wa leo usiku asisubiri mtungi wa wiki ijayo. Daktari akifungua tumbo siku ya pili ya ugonjwa kwa mpasuo mfupi, akamwamsha mgonjwa atembee kesho yake, amemtendea haki kuliko anayemtunzia nafasi ya kamera wiki ya sita.

Niongeze kundi moja ambalo mjadala wa mijini hulisahau. Tanzania huzaliwa watoto takribani 11,000 kila mwaka wakiwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozikunja seli za damu kama mundu. Damu yao inavunjika bila kupumzika, na mabaki yake hutengeneza mawe ya nyongo, wakati mwingine mtoto akiwa bado shule ya msingi. Hawa ndio ningewapigania wapate matundu hata kwa kuwasafirisha, kwa sababu kifua chao ndicho hatari yao: maumivu ya mpasuo chini ya mbavu yanawazuia kupumua vizuri, na hewa ikipungua seli zinajikunja. Hawa pia ndio wanaohitaji kupangwa mapema, waongezewe damu kabla, wafanyiwe wakiwa wazima, bila kungoja nyongo ivimbe. Mzazi anayeambiwa mwanawe ana mawe na asiambiwe siku, ameambiwa nusu ya habari.

Mama mdogo alikaa wodini siku 11. Kovu lake ni refu kama kiganja na vidole, limepinda kidogo mwishoni, na pembeni yake kuna vialama vinne vya matundu, kwa hiyo kambi zote mbili za ukoo zilipata zilichotaka. Siku ya kuruhusiwa nilisaidia kukusanya karatasi zake. Fomu ya upasuaji ilikuwa na mstari wa aina ya upasuaji, na hapo mtu aliandika "matundu", akakata, akaandika "kufungua". Kulikuwa na mstari wa jina la daktari, wa aina ya ganzi, wa muda wa kuanza na kumaliza, wa idadi ya vitambaa vilivyohesabiwa. Niligeuza nyuma na mbele. Mstari wa kuandika mgonjwa alisubiri siku ngapi haukuwepo.